Kimathi hakuaga dunia: Lugha yetu na vifo vya watu mashuhuri

KILA anapofariki mtu mashuhuri, simu yangu huanza kulia hata kabla turubai halijasimamishwa kwao. Hawanipigii kunipa pole. Wengi ni vijana wa vyumba vya habari, baadhi yao niliwafunza mimi mwenyewe, na swali lao ni lile lile: "Prof, tuandike hayati au marehemu?"

Juma lililopita alinipigia mmoja wao, mhariri ambaye kwa kweli ana kipaji. Safari hii hakukuwa na msiba mpya. Alikuwa akiandaa makala ya kuwakumbuka watu mashuhuri "waliotutoka", mashujaa na wasanii, na akataka niyapitie kabla hayajaenda mitamboni. Nikamwambia ayatume. Yalikuwa makala ya watu tisa, na wote tisa, msomaji, walikuwa "wameaga dunia". Dedan Kimathi aliaga dunia mwaka 1957. Tom Mboya aliaga dunia mwaka 1969. J.M. Kariuki aliaga dunia mwaka 1975. Robert Ouko naye aliaga. Wakafuata Patrice Lumumba wa Kongo na wanamuziki wanne, kila mmoja kwa kitenzi hicho hicho, kama abiria waliopanda basi moja na kushukia kituo kimoja.

Nilisoma mara mbili, kisha nikavua miwani. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na doa. Tahajia safi. Lakini sehemu kubwa ya makala yale ilikuwa ya uongo, na uongo wenyewe haukuwa katika tarehe wala majina. Ulikuwa katika kitenzi.

Nianze na swali la hayati, maana najua yapo mengi yanayosemwa kulihusu na sitaki kulikwepa. Maneno haya mawili tumeyapata kutoka Kiarabu. Marehemu ni aliyerehemewa, yaani tunamwombea rehema kila tunapomtaja. Hayati linatokana na neno lenye maana ya uhai au maisha, na katika Kiswahili tumelifanya neno la heshima la kumtaja mfu, hasa aliyekuwa na jina. Shuleni tuliambiwa kwamba hayati ni wa viongozi na marehemu ni wa watu wa kawaida, na vyumba vya habari vimelishika somo hilo kama amri. Ndiyo maana utasoma "Hayati Mzee Jomo Kenyatta" na "marehemu Daudi Kabaka", kana kwamba hata kaburini kuna viti vya mbele na vya nyuma. Mimi naona marehemu ndilo neno kubwa zaidi kati ya hayo mawili, kwa sababu ni dua, na dua haiulizi ulikuwa nani. Lakini mtu akiandika hayati sitamgombeza. Hilo si suala la kukosesha usingizi.

La kukosesha usingizi ni kuaga.

Kuaga ni kitendo cha hiari. Anayeaga husimama, huwapa watu mkono, husema anaondoka, kisha ndipo hutoka. Mzee aliyelala kitandani akazungukwa na wanawe, akawausia na kufumba macho, huyo hakika ameiaga dunia. Tamathali imemkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Lakini kwetu Kenya tamathali hii imechakaa kwa kutumiwa kupita kiasi, hata siku hizi tumeikata mkia. Tunasema tu "ameaga". Ukifungua redio ukasikia "mwanasiasa fulani ameaga", yabidi usubiri kidogo ujue kama ameaga chama, ameaga wapigakura au ameaga dunia.

Chanzo cha mambo haya nakijua, kwani nami ni mmoja wa waliokichimba. Enzi za KCPE tuliwapa watoto orodha za misemo ya kupamba insha. Mtoto wa darasa la nane asingethubutu kuandika kwamba babu alikufa. Lazima babu aipe dunia mkono wa buriani, au aende jongomeo, au akate kamba (ambayo ni ya mzaha, lakini nani alimwambia?). Alama zilipatikana. Tukafuga kizazi kinachoamini kwamba kufa ni neno la wanyama na kwamba binadamu akitajwa nalo amevunjiwa heshima. Na hali kufa ni mojawapo ya maneno ya kale kabisa tuliyo nayo. Mganda atakuambia okufa, Mzulu ukufa, na Mluhya ndugu yangu hayuko mbali nao. Hakuna tusi ndani yake hata chembe.

Sisemi tasfida haina kazi. Waswahili wa pwani wakisema "ametangulia mbele ya haki" wanamhurumia aliyefiwa, wanampunguzia makali ya habari. Hiyo ni adabu, na adabu ni sehemu ya lugha sawa na sarufi. Lakini adabu hiyo ni ya matangani. Ukiihamishia kwenye ukurasa wa historia unakuwa umembebea mtu mwingine mzigo wake.

Mchukue Kimathi. Alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola, akahukumiwa kifo, na Februari 18, 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Alizikwa humo humo ndani, bila jiwe wala alama, na mjane wake akaishi miongo mingi akiomba aonyeshwe mahali. Huyu ndiye tunayeambiwa aliaga. Alimuaga nani? Serikali ya mkoloni ilihakikisha hakuna wa kuagwa. Sanamu yake iliyoko katika mtaa wa Kimathi jijini Nairobi ilizinduliwa Februari 18, 2007, nusu karne kamili baada ya kitanzi, na hata pale sanamu imesimama kwa sababu kaburi halipo. Kitenzi "alinyongwa" kina silabi nne tu, nacho kinabeba mnyongaji, kamba, gereza na ufalme mzima wa Uingereza mgongoni. "Aliaga dunia" kinawaachilia wote huru.

Kiswahili kina ukarimu mkubwa katika jambo hili kuliko lugha nyingi, na ndiyo sababu uvivu wetu unaniudhi. Tazama kitenzi kufa kinavyozaa. Mtu hufa. Hufia mahali au hufia jambo, ndiyo maana tunasema fulani alifia nchi. Ugonjwa hufisha. Watu hufiwa. Halafu kuna kuua, na kuuawa, na kujiua. Ukiwa na ngazi kama hiyo, kila kidato kina maana yake, na mwandishi anapokanyaga kidato kimoja anakuwa ametoa ushahidi, apende asipende.

Hakuna mahali jambo hili linapoonekana wazi kama katika kifo cha Dkt Robert Ouko. Alikuwa waziri wa mambo ya nje. Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake Koru, na siku chache baadaye mwili wake ukapatikana katika kilima cha Got Alila, umechomwa moto, una tundu la risasi kichwani. Kukatokea waliosema alijiua. Wengine, yaani karibu nchi nzima, wakasema aliuawa. Maneno hayo mawili yatazame vizuri: alijiua, aliuawa. Yanatofautiana kwa kiambishi na mnyambuliko tu. Weka -ji- mbele ya mzizi, kesi imefungwa, kila mtu aende nyumbani. Ondoa -ji-, utie -w- ya kutendwa upande wa pili, na papo hapo unadaiwa jina la mtu. Wapelelezi wa Scotland Yard waliletwa kutoka London wakiongozwa na John Troon, naye akakataa wazo la kwamba marehemu alijiua. Tume ya Jaji Evan Gicheru ikakaa mwaka mmoja na ushei ikisikiliza mashahidi, kisha Novemba 1991 ikavunjwa na rais kabla haijamaliza kazi yake. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba taifa lilitumia fedha na machozi mengi kubishania kiambishi, na halikuruhusiwa kufika mwisho wa sentensi.

Na sasa kijana wangu ananiandikia kwamba Ouko "aliaga dunia mwaka 1990".

Nilipompigia kumweleza haya alinisikiliza, kisha akasema: "Lakini Prof, si tukiandika 'aliuawa' tumemaliza? Ni neno moja tu nibadilishe."

Ni hatua, nikamwambia, ila haijatosha. Kauli ya kutendwa ina mlango wa nyuma. "Mboya aliuawa" ni kweli tupu: alipigwa risasi Jumamosi ya Julai 5, 1969, akitoka katika duka la dawa la Chhani kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, naye hata miaka 39 hakuwa ameifikisha. Lakini sarufi inakuruhusu kuishia hapo, na ukiishia hapo umemtaja aliyetendwa ukamficha mtenda. Kiunganishi kidogo "na" ndicho kinachokosekana. Aliuawa na nani? Nahashon Njenga alihukumiwa kwa mauaji hayo, akanyongwa. Waliomtuma, kama walikuwapo, wamebaki upande wa pili wa "na" hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Na "na" yenyewe yaweza kusema uongo. Ndipo nikamrudisha kijana kwa Lumumba wake. Waziri mkuu huyo wa kwanza wa Kongo alipigwa risasi huko Katanga usiku wa Januari 17, 1961, mbele ya wakuu wa Katanga na maafisa wa Ubelgiji. Karibu mwezi mzima serikali ya Katanga ilinyamaza. Februari 13 ikatangaza kwamba Lumumba na wenzake wawili walikuwa wametoroka kizuizini na wakauawa na wanakijiji. Sentensi kamili hiyo: kitenzi sahihi, mtenda ametajwa, hakuna tasfida. Nayo ilikuwa hadithi ya kutungwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilichukua miaka 40 kwa tume ya bunge la Ubelgiji kukiri, mwaka 2001, kwamba nchi hiyo ilikuwa na dhima ya kimaadili, na hadi Juni 2022 kwa familia kurudishiwa kilichosalia cha mwili wa mpendwa wao: jino. Jino moja. Nimejaribu mara kadhaa kuliunganisha jino hilo na kitenzi kuaga katika sentensi moja, nimeshindwa.

Pengine utauliza, msomaji, mbona tumekuwa waoga hivi? Nadhani sehemu ya jibu ni kwamba tulifundishwa kuogopa, na si na walimu wa insha peke yao. Mwaka 1976, wakati baadhi ya wanasiasa walipotaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais asimrithi Mzee Kenyatta, Mkuu wa Sheria Charles Njonjo aliwakumbusha wananchi kwamba kisheria ni uhaini hata kuwaza na kukusudia kifo cha rais, na adhabu ya uhaini ni kifo. Kuwaza! Mimi nilikuwa mvulana wa sekondari. Nakumbuka tulivyokuwa tukichungana midomo bwenini, mtu asije akateleza kwa ulimi. Miaka miwili baadaye, Agosti 22, 1978, Mzee akafariki Mombasa, na watu wazima wakaisikiliza redio wakitazamana kama waliokatazwa kuyaamini masikio yao. Hatukuwa na lugha ya jambo ambalo jana yake lilikuwa kosa kulifikiria. Tukachukua iliyokuwa karibu, nyororo na salama, na hatukuirudisha.

Majirani zetu nao walipitia yao. Machi 2021 Watanzania walikaa siku nyingi bila kumwona Rais John Magufuli hadharani, na waliouliza kwa sauti yuko wapi baadhi yao walijikuta mikononi mwa polisi. Machi 17 makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kwamba amefariki kwa maradhi ya moyo. Kilichofuata kilinivutia kama mtu wa lugha. Wafuasi wake wakamwita hayati, na baadhi ya wakosoaji wakamwita mwendazake. Neno hilo halina tusi lolote ndani yake, ni mtu aliyekwenda zake tu, lakini lilinolewa mitandaoni hadi likawa kisu. Ukilisikia mahali ulijua msemaji yuko kambi gani. Basi anayedhani maneno ya kifo ni mapambo ya insha, aende akafanye utafiti hapo.

Nimeongea mno kuhusu wanasiasa. Makala ya kijana yalikuwa na wasanii pia, na kwa wasanii dhambi yetu ni ya namna nyingine.

Msanii akifa tunaandika kwamba ameacha "pengo lisiloweza kuzibika". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi hadi nikiiona macho huruka yenyewe. Ilikuwapo mwaka 2001 tulipowazika Fadhili William na Daudi Kabaka mwaka huo huo mmoja. Katika makala ya kijana ilikuwapo mara tatu, na moja ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34. Aya nzima ilieleza ajali. Gari, barabara, hospitali. Hakukuwa na hata neno moja kuhusu gitaa. Mtu ambaye vidole vyake viliwafanya watu wa Morogoro hadi Mombasa waache vinywaji vyao mezani waende kusakata dansi, tanzia yake inajua zaidi kuhusu gari kuliko muziki! Pengo gani hilo? La umbo gani? Kama hujui kilichokuwa kimekaa mahali hapo, utajuaje hakizibiki? Ukweli ni kwamba "pengo lisilozibika" ni msemo wa mtu ambaye hakusikiliza.

Na tulikuwa na mfano mwema tangu zamani. Siti binti Saad wa Unguja, binti wa watu maskini wa Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo na akawa sauti iliyojulikana pwani nzima. Alifariki Julai 8, 1950. Miezi michache kabla ya hapo alikutana na Shaaban Robert, na kutokana na mazungumzo yao tukapata Wasifu wa Siti Binti Saad. Fikiria hilo. Wakati ambapo wasifu ulikuwa wa masultani na mitume, mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama zake alikaa akamsikiliza mwimbaji wa taarab akisimulia maisha yake. Ukikisoma kitabu kile unakutana na mtu, na kazi yake, na waliomdharau, na alivyowajibu. Kifo kimo, lakini hakikupewa kiti cha mbele. Nimewahi kusema mbele ya wanafunzi wangu kwamba baada ya Wasifu ule tanzia ya msanii katika Kiswahili imekuwa ikirudi nyuma, na sijapata sababu ya kuibadilisha kauli hiyo.

Kuna fomula nyingine ya tanzia ambayo si ya wasanii tu: "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanaijua. Ilijaza kurasa za matangazo ya vifo, na sote tulijua inasimamia nini, na hakuna aliyesema. Wanamuziki wangapi wa Afrika Mashariki na Kongo walizikwa chini ya sentensi hiyo, uvumi ukijaza nafasi iliyoachwa na ukimya? Ndiyo maana nampa heshima ya pekee Philly Lutaya wa Uganda. Mwaka 1989 alisimama hadharani akasema ana Ukimwi, akazunguka shuleni na makanisani akilieleza jambo hilo kwa mdomo wake mwenyewe huku mwili ukimwisha, na Desemba mwaka huo akafa. Kuna watu wasiokubali wengine wawachagulie kitenzi.

Mimi sikuwa na ujasiri wake. Kaka yangu mkubwa, aliyenilipia karo ya chuo kikuu, alikufa mwaka 1994. Ukoo ukasema, huyu ndugu yetu si ni mtaalamu wa lugha, basi aandike yeye tangazo. Nikaandika. "Baada ya kuugua kwa muda mfupi." Aliugua miaka mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia dawa. Nilichagua maneno yale kwa uangalifu wote wa taaluma yangu, nikahakikisha koma iko mahali pake, na wazee wakanisifu kwa Kiswahili kitamu. Wiki mbili baadaye mke wake aliniuliza, bila hasira, "Shemeji, kwa nini uliandika muda mfupi?" Sikuwa na jibu. Alikuwa amemuuguza usiku na mchana kwa miaka mitatu, nami kwa maneno mawili nilikuwa nimeifuta kazi yake yote.

Kiswahili husema "nimefiwa na kaka yangu". Wanafunzi wa sarufi huniuliza kila mwaka, mbona hapo "na" inamtambulisha mfu kama mtenda? Huwaeleza kuhusu kauli ya kutendewa, na mada inaisha. Sijawahi kuwaambia kwamba kila nikiuandika mfano huo ubaoni humkumbuka shemeji.

Turudi kwa waandishi. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, jina ambalo lilikuwa midomoni mwa kila mtoto wa sekondari nchini, aligongwa na gari la abiria kwenye barabara ya Landhies, Nairobi, Aprili 10, 2020. Jamaa na marafiki walimtafuta hadi siku ya tano, ndipo mwili wake ulipopatikana katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Tanzia zikamiminika. Mbuyu umeanguka, nguli ametutoka, gwiji ameaga, pengo halizibiki. Nami niliandika yangu, sijitoi. Lakini nilipozisoma zote kwa pamoja, muda baadaye, niliona kwamba tuliikimbia habari yenyewe: kwamba mtu aliyejulikana na taifa zima alilala siku zile zote bila ya kujulikana. J.M. Kariuki naye, mwaka 1975, alilala mochari ya City bila jina huku gazeti moja likiwaambia wananchi yuko Zambia. Miaka 45 imepita kati ya vifo hivyo viwili, na sababu zake si moja hata kidogo. Lakini katika vyote viwili lililokuwa la kuandikwa lilikuwa pale pale mbele yetu, na sisi tukaenda kutafuta mbuyu.

Haya nilimweleza kijana kwa simu kwa karibu saa nzima, masikini, na nadhani alijuta kunipigia. Alikuwa na pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. "Prof," akasema, "watoto na wajukuu wa hawa watu wanasoma gazeti. Nikiandika 'alinyongwa', 'alichomwa', si ninawafufulia kilio?" Nilimjibu kwamba watoto hao wanajua tayari. Wasiojua ni wengine. Sina hakika kama jibu hilo lilimridhisha. Hata mimi, nikimfikiria shemeji upande mmoja na wazee wa ukoo upande mwingine, najua kuna nyumba ambamo jibu hilo halitapokewa vizuri.

Ijumaa alinitumia nakala mpya. Kimathi amenyongwa. Mboya amepigwa risasi, mahali na siku vimetajwa. Ouko ameuawa, na sentensi ya pili inasema tume ilivunjwa kabla ya kumaliza kazi. Kwa Lumumba ameweka tangazo la wanakijiji na kisha ukweli, bega kwa bega. Siti amebaki na "aliaga dunia", na hapo sikugusa kitu: aliyekaa akausimulia umri wake mzima kabla ya kuondoka, aliaga kweli.

Kwa Mbaraka ameondoa pengo, lakini hakujua aweke nini. Ameniomba nimwandikie aya moja kuhusu gitaa lake, isizidi maneno mia moja. Nimezitoa santuri zangu za zamani nikazisikiliza tena jioni mbili mfululizo. Nina sentensi moja, na hiyo nayo nimeikata mara mbili.